Kibubu, mchezo, kikoba, SACCOS, vipande au kiwanja: hela ya Mungu uitunze wapi

Jumapili moja baada ya ibada, pale nje watu wanapanda bei za kuku na mikungu ya ndizi kwenye mnada, mama mmoja wa jumuiya yetu huku Tabata alinivuta pembeni akaniambia mwanangu, nimepasua kibubu. Huyu mama anauza chapati na supu asubuhi karibu na kituo cha daladala, ana kama miaka miwili alikuwa anadumbukiza buku mbili mbili, siku ikikaa vizuri buku tano, na alipopasua akakuta 2,400,000. Fungu la kumi alishalitoa asubuhi ileile kwenye bahasha, 240,000 kamili. Akaniuliza, "Hii milioni mbili na laki moja na sitini iliyobaki nayo si ni ya Mungu? Sasa niiweke wapi, asije akaniuliza siku moja nikakosa cha kujibu?"

Nilimwomba wiki moja nifikirie. Swali lile lilinishika kwa sababu wengi wetu tukisikia neno uwakili, yaani kumtunzia Mungu mali yake, kichwani inakuja bahasha, ahadi ya mavuno, mchango wa jengo, basi, ukishatoa kumi unajiona umemalizana na Mungu na ile tisini unafanya unavyotaka. Mama wa chapati hajasoma theolojia ila ameshika kitu ambacho watu wenye digrii tunakiruka. Zaburi ya 24 inasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA, haijasema asilimia kumi ya vyote viijazavyo. Na uwakili si hela tu, najua, kuna muda, kuna afya, kuna vipawa, hayo yana siku yake, leo nazungumzia hela kwa sababu ndo alichoniuliza.

Kabla sijaanza kulinganisha, kitu kimoja kuhusu ule mfano wa talanta wa Mathayo 25 ambao huwa tunausoma haraka haraka. Talanta moja haikuwa sarafu ya kutia mfukoni, ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ndo ilikuwa kibarua cha siku nzima. Ukichukua kibarua wa hapa Dar anayelipwa 15,000 kwa siku, talanta moja inakuwa milioni 90, yaani jasho la miaka kama ishirini ya kufanya kazi. Kwahiyo yule wa talanta moja ambaye tunamwona alipewa kidogo, alifukia milioni 90 ardhini! Na hakuiba hata shilingi, aliirudisha yote, bado bwana wake alikasirika. Mi hapo ndo nimepata maswali yangu manne ya kupimia kila sehemu ya kuweka hela. Bwana akirudi ataikuta? Itakuwa imezaa? Imezaa kwa jasho la nani? Na usiku wa manane mtoto akibanwa na kifua, itatoka? Sasa twende.

Kibubu na simu

Kibubu nakipenda kwa kitu kimoja, kinakufundisha nidhamu, ukishadumbukiza hutoi mpaka uvunje. Kwa mtu ambaye hajawahi kuweka akiba maishani mwake kibubu cha elfu tano cha pale Buguruni ni shule. Ila ni shule ya msingi, usibaki darasa hilohilo miaka kumi. Kwanza mchwa, panya, moto, wezi, hapo Mathayo 6 yenyewe inakusemea nondo na kutu. Pili hela ya kwenye kibubu inapungua hata kama hakuna aliyeigusa, mfumuko wa bei kwetu miaka ya karibuni unacheza kwenye asilimia 3 mpaka 4 na kitu, sasa milioni moja uliyoifungia kwenye mbao leo, baada ya miaka mitano itanunua vitu vya kama laki nane na sitini. Unga hausubiri.

Tatu, na hili watu wengi limewauma, Benki Kuu ilitangaza noti za zamani, zile za kuanzia 1985 mpaka 2003 pamoja na noti ya mia tano ya mwaka 2010, zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari 2025 hadi tarehe 5 Aprili 2025, baada ya hapo si hela tena. Aliyekuwa amefungia zile noti kwenye sanduku chini ya kitanda na hakusikia tangazo, alikuja kufungua akakuta makaratasi. Ndo kufukia talanta kwenyewe huko, na wala hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu, kama yule wa kwenye mfano aliyesema nikaogopa nikaenda nikaificha.

Simu nayo? Hela ya kwenye simu haina mchwa na usiku wa manane inatoka, ukikuta wakala yuko macho. Kwa dharura simu inashinda kibubu bila mjadala. Lakini hela ya kwenye simu ina mdomo, yaani inakuita. Utajikuta umenunua bando, umetuma kwa shemeji, umelipia king'amuzi, na kila ukitoa kuna makato. Benki imetulia kidogo kuliko simu, na kuna jambo wengi hawalijui, amana yako benki ina bima kupitia Bodi ya Bima ya Amana, benki ikifa unalipwa mpaka 7,500,000. Kwa mama wa chapati hiyo inafunika hela yake yote. Tatizo ni kwamba akaunti ya akiba ya kawaida inazaa kidogo mno, wakati mwingine makato yanameza hicho kidogo. Kwahiyo hapa sipotezi muda, simu na benki ni pa kuweka hela ya dharura, isikae hela yote.

Mchezo na kikoba

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu wanawake wa Dar wameishikia maisha yao, na wanaume pia siku hizi, ila wanaume hatusemi.

Mchezo unaujua, mko kumi, kila mtu anatoa elfu hamsini kwa wiki, kijumbe anakusanya, anapewa mmoja laki tano, wiki ijayo mwingine. Mchezo hauna riba, hauna mtu anayeumia ili mwingine afaidi, kwa swali langu la tatu mchezo ndo msafi kuliko vyote. Ila hauzai hata senti, na ukiwa wa mwisho kwenye zamu wewe ndo umewakopesha wenzako wote bila karatasi. Usalama wake wote umekaa kwenye roho ya kijumbe na kwenye aibu ya wale waliopokea mapema. Mtu akishapokea zamu ya pili halafu akahamia Mbagala unamtafuta wapi? Mi naona mchezo unafaa kwa kitu kimoja unachokijua bei yake, cherehani, friji, ada ya muhula, na wenzako uwe unajua hata mlango wa kwao.

Kikoba ni kitu kingine. Kikoba kina katiba, hisa, mfuko wa jamii wa misiba na kuuguza, faini za wachelewaji, mnakutana kila wiki, unanunua hisa, unakopa kwa kawaida mpaka mara tatu ya hisa zako, na Desemba mnavunja mnagawana. Kimeokoa ndoa, kimesomesha watoto, kimejenga nyumba Chanika na Kivule, sitaki mtu anisome hapa aseme nakidharau. Na tangu ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi vimewekwa daraja la nne, vinatakiwa visajiliwe kupitia halmashauri, kwahiyo ukikaribishwa kwenye kikoba swali la kwanza ni cheti kiko wapi, wakianza kukuzungusha shukuru, ondoka.

Sasa nisimulie kitu kilichonipata. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye kikoba cha watu ishirini na mbili, wote tunasali pamoja, hela tulikuwa tunamwachia mweka hazina nyumbani kwake, tukaona sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, ni kutokuaminiana. Mume wake akaugua figo. Akachukua laki tatu akasema nitarudisha mwisho wa mwezi, afu laki tano, afu milioni, mpaka siku ya kuvunja tukakuta pengo la milioni tatu na nusu. Hakununua gauni wala hakujenga, alikuwa anamuuguza mtu wake. Tulilia wote kwenye kile kikao. Na mimi mpaka leo nasema kosa lilikuwa letu kama lilivyokuwa lake, kwa sababu tulimwacha peke yake na hela na shida ndani ya chumba kimoja, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mama vipi dawa mnapataje. Mfuko wa jamii tulikuwa nao, tuliutumia kwa misiba tu. Wakorintho wa kwanza 4 inasema mawakili waonekane kuwa waaminifu, neno ni waonekane, yaani kuwe na kitu cha kuonekana, daftari, sahihi, stetimenti.

Ndo maana nikilinganisha kikoba cha sanduku na kikoba cha kwenye simu kama M-Koba, ile ya Vodacom na Benki ya TCB iliyoanza 2019, nachagua cha simu. Hakuna kiongozi anayeweza kutoa hela peke yake, lazima wengine waidhinishe, na kila mwanakikundi anapata meseji hela ikiingia na ikitoka. Hata mkipenda kukutana na sanduku kwa ajili ya ushirika, kukutana kuendelee, sala iendelee, chai iendelee, hela ikae kwenye simu ya wote.

Lakini kuna jambo zito zaidi ya usalama, na hili naomba ulisome taratibu. Faida ya Desemba inatoka wapi? Vikoba vingi vinatoza asilimia 10 kwa mwezi. Mnaambiana haina shida, riba inarudi kwetu wenyewe. Inarudi, ila hairudi sawa. Anayekopa kila mwezi ni yule mwenye shida, mwenye mgonjwa, mwenye kodi ya nyumba inayodaiwa, na asiyekopa kabisa ni mwenye mshahara anayenunua hisa nyingi anatulia. Desemba mwenye mshahara anaondoka na gawio nono, na gawio lile ni jasho la mjane aliyekaa naye benchi moja kanisani. Soma Nehemia sura ya 5. Wakubwa wa Yerusalemu walikuwa wanawatoza ndugu zao sehemu ya mia, moja katika mia, na Nehemia alikasirika akawaambia rudisheni. Moja katika mia! Sisi tunatoza kumi afu tunafungua kikao kwa sala.

Sisemi kikoba ni dhambi. Nasema kaa na wenzako mpunguze riba ifike hata asilimia 2 au 3, muweke mkopo wa dharura usio na riba kabisa kutoka mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa, na Desemba kabla ya kugawana muangalie nani amelipa riba kubwa kuliko wote mwaka huu na kwanini. Kikundi chetu cha sasa tumefanya hivyo, gawio limepungua, wawili walijitoa, tuliobaki tumekuwa ndugu.

Na kwa kuwa niko hapohapo, kuna kitu kinajifananisha na kikoba lakini siyo, nacho ni hizi za panda mbegu laki mbili uvune laki tano. Watu wa makanisani Dar tulishapigwa na hili. DECI, mpango mmoja wa hivyo, ilikuwa inatumia maneno yetu yaleyale ya kupanda na kuvuna, waliokuwa wanaiendesha walikuwa wachungaji, watu waliuza mpaka mabati, serikali ikaisimamisha 2009 na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Hela ya anayevuna leo ni ya aliyepanda jana, hakuna shamba hapo katikati, hakuna mahindi, hakuna duka. Siku wapandaji wapya wakiisha kila kitu kinakufa. Sasa hivi zimehamia kwenye simu, unaambiwa uangalie video ulipwe, uingize watu, jina linabadilika ila ni ileile. Hii siiweki kwenye mizani na wengine, haifai hata kwa shilingi mia.

SACCOS kwa kikoba, hesabu ya mkopo

SACCOS nitapita haraka. Iko juu ya kikoba kidogo kwa daraja, ni chama cha ushirika cha akiba na mikopo, inapewa leseni na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, inatakiwa ikaguliwe, ina mkutano mkuu wa kila mwaka ambao wanachama wengi hawaendi, afu wakipigwa wanalalamika. Nenda mkutanoni, hiyo nayo ni uwakili.

Tofauti yenyewe utaiona kwenye mkopo. Chukua laki tano kwa miezi mitatu. Kikoba cha asilimia 10 kwa mwezi kwenye mkopo wote, utalipa riba 150,000. SACCOS niliyomo mimi inatoza asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, utalipa 7,500 mwezi wa kwanza, 5,000 wa pili, 2,500 wa tatu, jumla 15,000. Mara kumi! Kasoro ya SACCOS ni kwamba akiba yako haitoki kirahisi, mara nyingi mpaka ujitoe uanachama, na ukiwa mdhamini wa mwenzako akatoroka wewe ndo unakatwa. Na ile bima ya amana ya benki huku haikufuniki. Kama una mshahara na kazini kwenu kuna SACCOS yenye leseni, jiunge. Kama unauza chapati unaweza ukapata SACCOS za kimtaa au za kanisa, omba uone leseni na taarifa ya ukaguzi ya mwaka jana, ukiona wanakwepa usiweke.

Na mikopo ile kausha damu, ya riba kali, pamoja na ya programu za kwenye simu zinazotuma meseji za kukudhalilisha kwa ndugu zako wote, naitaja hapa ili niseme tu kwamba Mithali 22 imeshasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye. Wakili wa Mungu ukishajifunga utumwa kwa mtu mwingine utamtumikiaje Bwana wako? Tafuta SACCOS mapema, kabla shida haijaja.

Vipande na kiwanja

Hapa ndo ubishi mkubwa wa kila mtu wa Dar akishika milioni mbili.

Vipande ni vile vya UTT AMIS, kampuni ya serikali, inasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Unatoa hela yako, unapata vipande, yaani sehemu yako kwenye mfuko, inachanganywa na za watu wengine maelfu, wataalamu wanaiweka kwenye hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali, amana za benki, na kwa mfuko kama Umoja ulioanza 2005 hata kwenye hisa za makampuni. Laki moja inakutosha kuanza. Mfuko wa Ukwasi ndo watu wa kawaida wanaupenda kwa sababu ukitaka hela yako unaandika maombi na siku chache za kazi inaingia benki bila kukatwa, na miaka ya karibuni umekuwa ukizaa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Thamani ya kipande inaweza kushuka, hilo wao wenyewe wanalisema na ni vizuri ulijue. Lakini nikiuliza imezaa kwa jasho la nani, jibu linanipa amani zaidi kuliko kikoba cha asilimia 10, kwa sehemu kubwa ni serikali inakopa kujenga barabara na inalipa riba kwa kila raia aliyechangia, siyo mjane wa benchi la nyuma. Kuna watu watasema riba ni riba. Sawa, ila Yesu mwenyewe kwenye mfano anamweka bwana akimwambia mtumwa angalau ungeiweka kwa watoao riba, kwahiyo hiyo ndo ilikuwa sakafu kabisa, kiwango cha chini cha mtu asiyejua kufanya biashara.

Ukiwa na milioni moja ambayo hutaigusa miaka mingi unaweza kwenda hata moja kwa moja kwenye hati fungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, kuna za miaka miwili mpaka ishirini na tano, riba inaingia kila miezi sita. Kwa mtu wa chapati mi naona bado, aanze na vipande.

Kiwanja sasa. Hakuna mtu wa Dar asiyeambiwa nunua kiwanja, ardhi haidanganyi. Ardhi yenyewe haidanganyi, wanaodanganya ni wauzaji. Nilinunua kiwanja upande wa Chanika, ishirini kwa ishirini, nikaandikishana na muuzaji mbele ya mashahidi, nikaenda zangu nafurahi, mwaka uliofuata nakuta mtu mwingine anachimba msingi na ana karatasi kama yangu, tarehe yake ni ya kabla ya yangu. Hela ya miaka minne. Sikwenda ofisi ya ardhi ya manispaa kuuliza, sikuzungumza na majirani, nilikuwa na haraka kwa sababu dalali alisema kuna mtu mwingine anakuja jioni. Kila dalali ana mtu mwingine anayekuja jioni. Luka 14 mtu anayetaka kujenga mnara anakaa kwanza anahesabu gharama, neno ni anakaa, mimi sikukaa.

Kwahiyo ukitaka kiwanja, kaa. Nenda wakati wa masika uone maji yanapita wapi, maana kiangazi mabonde yote yanapendeza. Uliza serikali ya mtaa, uliza majirani wa pande zote nne, nenda ofisi ya ardhi uangalie kama kimepimwa, kama hakiko kwenye hifadhi ya barabara au eneo la shule. Kilichopimwa ni ghali zaidi ila usiku unalala.

Na kuna jambo kuhusu ardhi yetu ambalo lilinigusa nilipolijua. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, wewe unapewa haki ya kukaa miaka 33, 66 au 99, na masharti ya kuiendeleza. Ile hati unayoifungia kabatini na kufuli mbili inakwambia waziwazi kwamba wewe si mwenye ardhi. Nikiisoma hati ya mtu siku hizi naiona Zaburi ya 24 kabisa, ikiwa na muhuri.

Sasa mizani. Kiwanja Bwana akirudi atakikuta kama ulifuata taratibu. Kitakuwa kimezaa, bei za Kigamboni na Goba kila mtu anazijua zilikotoka. Jasho la nani? Mara nyingi si la mtu yeyote, ila ukinunua kwa mzee mwenye shida kwa bei ya kumkandamiza hapo una la kujibu. Usiku wa manane ndo kiwanja kinashindwa kabisa, hakuna atakayekununulia kiwanja saa nane usiku, na ukiuza kwa haraka unauza kwa nusu. Na kwa milioni mbili za sasa utapata kipande huko mbali ambako huna mpango wa kujenga miaka kumi ijayo, kitaota nyasi. Wale wenye viwanja sita Mkuranga ambavyo hawajavitembelea tangu wanunue, huku watoto wa dada yao wamerudishwa nyumbani kwa ada, wamechimba ardhini wakaificha talanta, na wana hati ya kuthibitisha.

Kilichosahaulika

Wiki ilivyoisha nilirudi kwa yule mama na karatasi langu limejaa mishale. Nikamweleza yote haya niliyokuandikia. Alisikiliza vizuri, shikamoo za wateja zinapita anaitikia marahaba huku anageuza chapati, mwisho akaniuliza, "Sasa mwanangu, na hili jiko?"

Nikasoma tena Mathayo 25 mstari wa 16 jioni ile. Yule wa talanta tano alikwenda akafanya biashara nazo. Mi nilikuwa nimehangaika na SACCOS na vipande na kumbe sehemu inayozaa kuliko zote ilikuwa inafuka moshi mbele ya macho yangu. Jiko lake ni moja, la mkaa, saa mbili asubuhi foleni inakuwa ndefu mpaka watu wanaondoka wanaenda kula kwingine. Tukahesabu pamoja kwenye daftari la mkopo la wateja wake, chapati ambazo angeuza kama angekuwa na jiko la pili la gesi na msaidizi kwa saa tatu tu za asubuhi. Faida ya mwezi mmoja ilipita ile ambayo vipande vingempa kwa mwaka kwenye hela hiyohiyo. Na jasho ni la kwake, na msaidizi anapata mkate.

Ila hakutaka kuweka yote huko, akasema akiumwa mgongo wiki mbili jiko halitajipikia. Akagawa hivi: laki sita jiko la gesi, mtungi, meza na viti vinne. Laki mbili na sitini kwenye simu, kwenye laini ya pili ambayo haina namba ya mtu yeyote. Laki moja amenunua hisa kwenye kikoba chetu, kile cha riba ndogo, si kwa ajili ya faida, alisema anataka watu wa kumzika. Milioni moja na laki mbili kwenye vipande. Kiwanja akasema bado, kwanza binti yake wa mwisho amalize chuo.

Jumatatu nikamsindikiza mjini tukajaze fomu, kitambulisho cha NIDA anacho, akaunti ya benki tulikuwa tumeshaifungua Ijumaa. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuandika mrithi. Hapo alikaa muda mrefu kuliko kote, kalamu iko juu ya karatasi, haandiki. Afu akaandika jina la yule binti, akasaini taratibu, akakunja risiti akaitia kwenye Biblia ndani ya mkoba, akasema twende mwanangu, unga wa kesho sijanunua.